Kupima muziki wa ala kabla ya kuuweka chini ya picha

Muziki wa kujenga hali katika filamu haupimwi kwa utamu. Vipande vingi nilivyowahi kuvitupa vilikuwa vitamu kuliko nilivyovibakiza.

1. Soma leseni kabla hujaupenda. Katika leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za wazi ambazo wasanii hutolea kazi zao kwa masharti, herufi ND (NoDerivatives) zinakataza kusambaza kazi inayotokana na ile ya awali, na kuoanisha muziki na picha kunahesabiwa hivyo. Kwa hiyo hata ukipakuliwa bure, haufai. NC (NonCommercial, si kwa biashara) nayo inakuzuia kwenye tangazo la biashara. Hifadhi nakala ya leseni siku ile ile unayopakua.

2. Uwashe, halafu fanya jambo lingine: panga klipu, chemsha chai. Ukijikuta umeacha kazi unausikiliza, huo ni wa mwanzo au mwisho wa filamu. Chini ya maelezo utamziba msemaji.

3. Uweke chini ya mtu anayezungumza. Hapa usiwe na haraka. Wengi huujaribu juu ya picha za machweo, na kwenye machweo kila muziki unapendeza! Sehemu kubwa ya kinachotuwezesha kutofautisha "pata" na "kata" iko kati ya hertz 1,000 na 4,000 hivi (hertz ni kipimo cha unene au wembamba wa sauti). Ala ikijazana hapo, utaushusha muziki mpaka usiwe na kazi, na maneno bado yatafifia. Kwa mahadhi ya pwani, nyuzi nene za udi hukaa chini ya sauti ya mtu bila ugomvi. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, kwa mng'aro wake hugombania nafasi. Punguza eneo hilo la hertz 1,000 hadi 4,000 kwenye muziki, desibeli 3 au 4, kwa ikwalaiza (kidhibiti cha kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti). Ikishindikana, achana nao.

4. Tazama uso wa anayeongea. Nilipohariri mahojiano na mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, alikuwa akieleza bei ilivyoshuka huku anacheka. Nikamwekea kinanda cha taratibu, cha huzuni. Kicheko kikageuka kilio kinachofichwa, na mama yule hakuwa akificha kitu. Alikuwa akilicheka swali langu. Nilijaribu vipande vingine vitatu, mwisho nikaacha maji na upepo peke yake. Tangu siku hiyo kila onyesho nalitazama kwanza bila muziki. Likisimama, siliongezei.

5. Angalia kama unaweza kuukata popote bila kusikika vibaya. Utafute wenye mkia mrefu, yaani noti zinazofifia polepole, usio na ngoma inayokulazimisha kukata picha kwa mapigo yake.

6. Malizia kwenye simu ya bei nafuu, bila spika za masikioni, ukiwa kituo cha daladala. Spika ndogo ya simu hutoa besi kidogo mno chini ya hertz 200. Kama hali yote ya muziki ilikuwa kwenye mvumo wa chini, mtazamaji wako atabaki na ukimya ambao hukuukusudia. Hapo rudi hatua ya 2 na kipande kingine.