Namna ya Kusimamia Maboresho ya Katikati ya Jiji: Mwongozo kwa Mfano wa Kariakoo na Posta

Kuboresha katikati ya jiji linalokua ni kazi ngumu kuliko kupima mji mpya pembezoni, kwa sababu kila kiwanja kina mwenyewe, kila fremu ina mpangaji, kila kona ina mchuuzi aliyeizoea, na chini ya lami kuna mabomba yaliyotandazwa kwa ajili ya watu wachache kuliko wanaoyategemea leo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa mipango miji, mhandisi wa halmashauri, diwani, mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa umoja wa wafanyabiashara aliyekabidhiwa sehemu ya kazi hiyo. Mifano inatoka Dar es Salaam, hasa Kariakoo na eneo la Posta, ambayo yamo ndani ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo, na ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Wengi wao wanaishi mbali na katikati ya jiji, lakini Kariakoo ndiko wanakokwenda kununua, kuuza na kubadilisha gari.

Mpangilio wa kazi ndio unaoamua matokeo. Kwanza hushughulikiwa kilicho chini ya ardhi, kisha usalama wa majengo yaliyosimama na yanayoinuka, kisha makubaliano na watu wanaotafuta riziki pale, na mwisho kabisa mambo yanayoonekana kwa macho, kama taa, vigae vya njia za waenda kwa miguu na miti. Inapotokea kazi ikaanzia mwisho, kwa kuwa ndiko kunakovutia wapiga picha, vigae vilivyowekwa kwa gharama kubwa hung'olewa baada ya muda mfupi ili bomba lipite.

Ujue mtaa mmoja kikamilifu

Mpango kabambe wa jiji unatoa mwelekeo, lakini hausimamiki siku kwa siku. Chagua mtaa mmoja, uandae taarifa zake zote, ndipo uhamie mtaa wa pili. Kwa Kariakoo, taarifa hizo zinaanza na historia ya viwanja vyenyewe. Eneo hilo lilipimwa enzi za Wajerumani kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo, kila kimoja kikitosha nyumba moja ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, na ua nyuma wenye jiko na choo. Leo, katika kiwanja kama hicho, linasimama ghorofa lenye fremu kadhaa chini, stoo juu ya fremu, ofisi juu ya stoo, na pengine sehemu iliyochimbwa chini ya usawa wa barabara. Upana wa barabara ya mbele umebaki ule ule. Msimamizi asiyeliona hilo mapema atashangaa kwa nini kila anachokirekebisha kinazidiwa kabla hakijazoeleka.

Andika kwa kila kiwanja: namba yake, hati ni ya nani, matumizi yaliyoidhinishwa na matumizi halisi, idadi ya ghorofa, idadi ya wapangaji, na majitaka yanaelekezwa wapi. Usiridhike na jalada la ofisini. Tembelea mtaa huo alfajiri malori yanaposhusha mizigo, saa nne asubuhi wateja wa jumla wanapofika, alasiri msongamano unapofikia kilele, na usiku maduka yanapofungwa na wachuuzi wa chakula wanapopanga meza. Mtaa unaoonekana mpana saa kumi na mbili asubuhi unaweza usipitike kwa mkokoteni ifikapo saa tano, na gari la zimamoto haliwezi kusubiri hadi usiku. Pima kwa futi ya mkononi upana uliobaki baada ya meza, marobota na pikipiki, kisha uandike kipimo hicho pamoja na saa yake. Vipimo vya namna hiyo vina nguvu kubwa mezani kuliko maelezo ya jumla kwamba eneo lina msongamano.

Chini ya ardhi kwanza

Kabla ya kuidhinisha bajeti ya kitu chochote cha juu, fungua chemba. Katika mtaa wa biashara utakuta humo nailoni za kufungia bidhaa, mabaki ya chakula, na mara nyingi maji ya saruji yaliyoganda kutoka eneo la ujenzi la jirani. Saruji hiyo ndiyo mbaya kuliko yote, kwa kuwa haizibuliwi kwa fimbo wala kwa gari la kunyonya. Kipande cha bomba hukatwa na kuwekwa kingine. Kwa hiyo masharti ya kibali cha ujenzi yaeleze wazi kwamba mkandarasi atajenga shimo la kutuamisha maji machafu ya ujenzi ndani ya kiwanja, na kwamba chemba za mbele na za pande zote mbili zitakaguliwa siku ya kuanza na siku ya kumaliza, gharama ya uharibifu ikiwa juu yake.

Taasisi zinazochimba barabara ni nyingi: DAWASA kwa majisafi na majitaka, TANESCO kwa umeme, TARURA kwa barabara za mjini, TANROADS kwa barabara kuu, na kampuni za simu zinazopitisha nyaya za mkongo. Kila moja ina bajeti na kalenda yake. Kazi ya msimamizi ni kuitisha kikao kimoja cha wote kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, kila taasisi ije na orodha ya mitaa inayokusudia kuichimba, na kikao kikubaliane kwamba mtaa ukifunguliwa unafunguliwa mara moja, wote wanaweka mabomba yao, na mtaro wenye nafasi ya ziada unaachwa kwa atakayekuja baadaye. Asiyefika kikaoni asipewe ruhusa ya kukata lami mpya isipokuwa kwa dharura. Sharti hilo litapingwa, na linafaa kushikiliwa.

Kuhusu maji ya mvua, Dar es Salaam imepata funzo karibu kabisa na katikati ya jiji. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, ambayo huduma yake ilianza Mei 2016, ilijengwa Jangwani katika bonde la Mto Msimbazi, na mara kwa mara mvua kubwa imeifunika kwa maji, barabara ya hapo ikafungwa na safari za kwenda Kariakoo na Kivukoni zikakatika. Maji yanayoshuka kutoka mitaa iliyosakafiwa kote hayana pa kuzama ardhini. Mtaa wowote unaowekewa vigae au zege upigiwe kwanza hesabu ya maji yatakayotoka humo na mtaro utakaoyapokea, hadi mwisho wake mtoni au baharini, si hadi mwisho wa mpaka wa mradi tu.

Vibali na usalama wa majengo

Hapa hakuna nafasi ya kulegea. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lililokuwa likitumika liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa kazini, na waliopoteza maisha walizidi 20. Waliokufa hawakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba nguzo zilizowabeba hazikuwa salama. Aliyepaswa kujua ni mwenye mamlaka ya kukagua.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni zake zinaipa halmashauri uwezo wa kutoa kibali, kukikataa, kuweka masharti na kusimamisha kazi. Nguvu hizo zitumike kwa utaratibu unaoeleweka. Mwombaji awasilishe hati, michoro ya usanifu na michoro ya uhandisi iliyosainiwa na wataalamu waliosajiliwa. Panapochimbwa chini ya usawa wa barabara, aongeze taarifa ya udongo na maelezo ya namna majengo jirani yatakavyozuiwa yasisogee. Katika viwanja vidogo vinavyogusana, shimo la kiwanja kimoja linadhoofisha msingi wa kiwanja cha pili, kwa hiyo jengo la jirani likaguliwe, nyufa zake zipigwe picha na kuandikwa tarehe kabla jembe la kwanza halijashuka.

Ukaguzi ufanyike kwa hatua: msingi kabla ya kumwaga zege, nondo za kila sakafu, na vipimo vya sampuli za zege kutoka maabara. Kibali cha ghorofa sita kisigeuke ghorofa tisa kimyakimya. Anayetaka kuongeza arudi na hesabu mpya za msingi, hata kama ameshaezeka. Hakikisha bango la ujenzi lipo na linasomeka kutoka barabarani, likiwa na majina ya mmiliki, mkandarasi, msanifu na mhandisi pamoja na namba ya kibali, ili mpita njia yeyote aweze kulinganisha maelezo hayo na anachokiona.

Jengo linalotumika lina hatari yake ya pekee, kwa sababu mapato ya pango yanaendelea kuingia na hakuna anayependa yasimame. Mmiliki anayevunja ukuta ili apate fremu mbili kutoka moja, au anayechimba chini ya jengo lenye wapangaji, atakiwe kuomba kibali cha mabadiliko kama anayejenga upya, na wapangaji wahamishwe kwanza. Waambie wapangaji dalili zinazopaswa kutolewa taarifa mara moja: ufa unaozidi kupanuka, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, nguzo iliyoanza kuacha plasta, sakafu inayotetemeka mzigo unaposhushwa. Ziandikwe kwenye karatasi moja na zibandikwe ngazini, pamoja na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa saa zote. Na anayetoa taarifa alindwe asifukuzwe kwenye fremu yake, la sivyo hakuna atakayesema.

Kuzungumza na walioko pale

Watu wa katikati ya jiji hawana maslahi yanayofanana, na kosa la kawaida ni kuwaita wote kikao kimoja kisha kuyahesabu maneno ya wasemaji wakubwa kuwa ndiyo maoni ya mtaa. Mwenye jengo anataka thamani ipande. Mpangaji aliyelipa kilemba ili apate fremu anaogopa kuhamishwa kabla hajakirudisha. Machinga anataka mteja apite mbele yake. Mama lishe na wapagazi wa mikokoteni wanahitaji mahali pa kusimama. Mnunuzi wa jumla kutoka Lubumbashi, Lusaka au Bujumbura anataka mzigo utoke salama na gari lake lisizuiwe. Onana na kila kundi peke yake, mahali pao na kwa saa zao, ndipo uitishe mkutano wa pamoja.

Machinga Complex ya Ilala, iliyojengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ili kuwaondoa wachuuzi barabarani, ilikaa miaka mingi ikiwa na vizimba vingi vitupu. Jengo lilikuwepo na nafasi zilikuwepo, ila mteja wa machinga hupatikana anakopita kwa miguu, naye hapandi ghorofa kutafuta soksi. Kabla ya kuwapangia wachuuzi eneo jipya, hesabu wapita njia wa pale walipo sasa na wa pale unapotaka kuwapeleka, kwa siku ya kazi na siku ya mwisho wa wiki. Tofauti ikiwa kubwa, eneo hilo halifai, na ni afadhali kuchora mistari kwenye mtaa wa sasa, kutenga saa na kuacha njia ya zimamoto wazi, kuliko kuwahamisha watu watakaorudi usiku ule ule.

Vilevile usiahidi usichokuwa na mamlaka nacho. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu za kodi na namna zilivyokuwa zikikusanywa, na ikabidi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akutane nao Mnazi Mmoja. Halmashauri haikusanyi kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA), lakini mfanyabiashara anaona serikali moja. Uje kikaoni na wa TRA, wa TARURA na wa polisi, kila mmoja ajibu la kwake, na majibu yaandikwe na yasomwe mbele ya wote.

Kazi inapolazimu watu kuhama kwa muda, tengeneza daftari la waliokuwepo kabla hawajaondoka: jina, namba ya kizimba, ukubwa wake, bidhaa, na picha. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na kuhakiki nani alikuwa nani na nani anastahili kurudi likawa jambo zito katika safari ya kulifungua tena. Daftari lililoandikwa kabla ya janga haligombaniwi kama lile la baada yake.

Majengo ya kale

Soko Kuu la Kariakoo lilisanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa 1975, likiwa na paa la zege lililoinuliwa ili hewa na mwanga vipite. Pamoja na Boma la Kale na Sanamu ya Askari ya 1927, ni sehemu ya yale yanayoifanya Dar es Salaam itambulike. Orodhesha majengo ya aina hiyo katika taarifa za mtaa tangu mwanzo na upate maoni ya Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kibali, maana likishavunjwa mjadala hauna kazi.

Baada ya mkandarasi kuondoka

Mkataba wa mkandarasi una kipindi cha uangalizi wa kasoro, kwa kawaida mwaka mmoja, na fedha ya dhamana, yaani sehemu ya malipo yake inayozuiwa, haitolewi yote mpaka kiishe. Tembelea mtaa huo angalau mara moja wakati wa masika kabla ya kusaini, kwa sababu mteremko mbaya wa mtaro hauonekani kiangazi. Tenga katika bajeti ya kila mwaka fungu la kuzibua mitaro Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli, la kubadilisha taa zilizoungua, na la mshahara wa mtu anayejulikana kwa jina anayeuangalia mtaa huo. Taarifa yake ya mwezi, yenye idadi ya chemba zilizofunguliwa, taa zisizowaka, ujenzi unaoendelea na malalamiko yaliyopokelewa, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, na nakala iende kwa diwani na kwa umoja wa wafanyabiashara siku hiyo hiyo.