Gavana ndiye alimweka huyo jaji, lakini usimpigie gavana simu

Hii naandika sababu ya kitu kilitokea kwa group yetu ya WhatsApp hapa Minnesota. Jamaa wetu mmoja, mtu wa nyumbani kabisa, alikuwa na kesi ya watoto baada ya kuachana na mkewe, jaji akatoa uamuzi haukumfurahisha, basi saa tatu usiku watu wakaanza kuchanga mawazo: tuandike petisheni, tukusanye saini mia mbili, tumpelekee gavana, kwani si yeye ndiye alimteua huyo mama? Mzee mmoja akasema anajua mtu anayejua mtu ofisini kwa gavana. Kufika asubuhi barua ishaandikwa, inangoja tu saini. Nikawaambia jamani ngojeni kwanza.

Ngojeni kwa sababu gavana kazi yake kwa huyo jaji iliisha siku ile aliapishwa. Hamwiti ofisini, hamwambii rudia hiyo kesi, hawezi kumfuta. Na barua kama hiyo ikitua kwa jaji wakati kesi bado iko wazi, huyo jaji itabidi upande wa pili nao waijue, sasa jamaa yenu anaonekana mtu wa kutafuta mlango wa uani. Mmemharibia mkidhani mnamsaidia.

Lakini swali la wale watu lilikuwa zuri, shida yake ni muda tu. Kuna wakati mwananchi anaweza kusema neno kuhusu jaji, na wakati huo mwingi ni kabla hajavaa joho. Sisi huwa tumelala.

Kwanza ujue uko korti gani, maana hapa tunachanganya sana. Kesi ya uhamiaji haina gavana ndani yake hata kidogo, majaji wa uhamiaji wako chini ya Wizara ya Sheria kule Washington, anayewaweka ni Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Majaji wa federal wanateuliwa na rais, Seneti inapitisha, na wanakaa maisha. Korti za gavana ni za state, na hebu niambie ni zipi tunazijua zaidi: talaka, watoto, landlodi anataka kukutoa nyumba, umeshikwa ukiendesha umekunywa, mtu amekugonga gari anakataa kulipa, mzee amefariki ameacha nyumba na hakuandika wosia, kubadilisha jina. Zote hizo ni state. Mtu anaweza kuishi hapa miaka ishirini asione jaji wa federal ila ile siku ya kula kiapo cha uraia, lakini wa state amewaona mara nne. Halafu kesi ndogo ya state inaweza kugeuka ikawa kubwa ya uhamiaji, ukikubali kosa korti ya state leo, kesho watu wa uhamiaji wanalisoma lile karatasi. Tangu 2010 Korti Kuu ya Marekani ilisema kwenye kesi ya Padilla kwamba wakili anayekutetea kwa jinai lazima akwambie kama kukubali kosa kunaweza kukufukuzisha nchini, kwa hiyo muulize, usingoje akumbuke.

Sasa Minnesota inafanyaje. Kwa karatasi, majaji hapa wanachaguliwa kwa kura, muhula miaka sita, hakuna chama. Ukisoma hivyo unasema sawa, ni kura basi. Lakini jaji akistaafu au akiacha kazi katikati ya muhula, kiti kinajazwa na gavana, na majaji wengi huondoka katikati, wengine wanafikisha miaka 70 ambayo ndio mwisho kisheria. Kwa hiyo majaji wengi unaowakuta kortini waliingia kwa mlango wa gavana, kura ilikuja baadaye.

Kiti cha korti ya wilaya kikibaki wazi, kuna kamati ya kisheria, ukitaka kuitafuta mtandaoni andika Commission on Judicial Selection. Ina mawakili na watu wa kawaida wasio mawakili, wengine wamewekwa na gavana, wengine na majaji wa korti kuu ya state. Mawakili wanaotaka kile kiti wanaomba, kamati inawachuja, inawahoji, inabakisha majina matatu mpaka matano inampelekea gavana. Hayo majina ya mwisho hutangazwa. Gavana anawaita, anaongea nao, anachagua. Sheria haimfungi moja kwa moja achague kati ya hao, ila akiwaruka wote maswali yatamfuata. Viti vya korti ya rufaa na korti kuu ya state, hapo sheria haimlazimishi kupitia kamati.

Akishateuliwa, anakaa mpaka uchaguzi mkuu wa kwanza ulio zaidi ya mwaka mmoja toka ateuliwe. Piga hesabu: aliyewekwa Machi 2025 anasimama kwa kura Novemba 2026. Aliyewekwa Desemba 2025, ile Novemba 2026 haijatimiza mwaka, kwa hiyo anasubiri mpaka Novemba 2028, karibu miaka mitatu bila mtu kumpigia kura. Na akifika kwa kura, kando ya jina lake karatasi inaandika kwamba yeye ndiye ameshikilia kiti, na mara nyingi sana hana mpinzani, unakuta jina moja limekaa peke yake. Ndio maana nasema uchaguzi wenyewe ulikuwa siku ile gavana alikuwa na majina matatu mezani.

Kuna kisa kimoja cha hapa napenda kukihadithia. Alan Page, mnajua kama mnapenda futiboli ya Wamarekani, alicheza Minnesota Vikings, akasomea sheria huku bado anacheza, akawa wakili. 1992 akataka kugombea kiti cha korti kuu ya state. Jaji aliyekuwa pale muhula ulikuwa unaisha, gavana wa wakati ule Arne Carlson akamwongezea muda, na kwa kumwongezea muda uchaguzi wa kile kiti ukawa umefutika. Page hakuandika petisheni ya WhatsApp, alienda kortini. Majaji wa korti kuu wakakaa pembeni maana kesi inamhusu mwenzao, wakaitwa wengine waisikilize, na hao wakasema uchaguzi ufanyike. Akashinda, akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza katika korti ile, akakaa mpaka 2015 alipofika miaka 70. Kwa hiyo gavana ana nguvu, ndio, lakini nguvu yenyewe iko ndani ya boma, ukijua boma linaishia wapi unaweza kumwambia hapa umevuka.

Kwa wale wa state zingine, msichukue hii ya Minnesota mkaenda nayo, kila state ina yake na zingine ni tofauti kabisa. Massachusetts, nawasalimia watu wa Lowell, huko gavana anapendekeza jina na kuna baraza la watu wanane waliochaguliwa kwa kura, Governor's Council, limetoka enzi za ukoloni wa Mwingereza, hao ndio wanakubali au wanakataa, na wanaita kikao cha wazi ambapo watu wanakuja kumsema mteuliwa kwa mema na mabaya. Jina lazima likae angalau siku saba kabla ya uteuzi. Jaji akipita anakaa mpaka miaka 70, hakuna kura tena, kwa hiyo zile siku chache ndio nafasi yenu yote. Maine ambako ndugu zetu Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wamejaa Portland na Lewiston, gavana anapendekeza, Seneti ya state inapitisha, muhula miaka saba, ukiisha gavana anaamua kama amrudishe. Hiyo ya kurudisha isikieni vizuri, New Jersey nao wana miaka saba ya kwanza, na 2010 gavana Chris Christie alikataa kumrudisha jaji John Wallace, ambaye ndiye alikuwa mweusi pekee kwa korti kuu ya state, na tangu katiba yao ya 1947 hakuna gavana alikuwa amewahi kumfanyia hivyo jaji wa korti kuu.

Iowa, ambako pia kuna Wakongo wengi, wanafuata mtindo ulioanzia Missouri 1940: kamati inatoa majina machache, gavana lazima achague hapo, halafu baada ya muda wananchi wanaulizwa swali moja tu, abaki au atoke. Watu huwa wanasema hakuna anayetolewa, lakini 2010 Iowa walitoa majaji watatu wa korti kuu kwa mpigo, sababu ya uamuzi wa 2009 wa ndoa za jinsia moja. Missouri wenyewe, gavana akipewa majina matatu na akakaa siku 60 bila kuchagua, kamati inachagua yenyewe. Texas majaji wanagombea kwa vyama, gavana anajaza zile nafasi za juu zikibaki wazi katikati. Virginia ni bunge la state linachagua majaji, na Illinois kiti kikiwa wazi wanaojaza ni korti kuu, sio gavana, kwa hiyo ukiwa Chicago barua yako kwa gavana ni kupoteza stempu.

Hiyo ya Missouri inanikumbusha nyumbani. Sisi wa Kenya neno gavana linatuchanganya, kwetu gavana ni wa kaunti, zahanati na chekechea na barabara za mtaani, majaji hamhusu, wale wanapendekezwa na JSC, yaani Tume ya Huduma za Mahakama, na rais anawateua. Na mnakumbuka ile vuta nikuvute, JSC walipeleka majina 2019, rais wa wakati ule Uhuru Kenyatta akakaa nayo, 2021 akaapisha 34 akaacha sita, wale sita wakaja kuapishwa Septemba 2022 Ruto alipoingia. Swali lilikuwa ni lile lile: akipewa jina, anaweza kulikataa? Missouri walishalijibu kwa kuandika siku sitini na kitakachofuata. Watanzania nao wanaoniuliza kama gavana ni kama mkuu wa mkoa, hapana, mkuu wa mkoa anateuliwa na rais, huyu amechaguliwa na watu wa state na rais hawezi kumtoa.

Haya, sasa wewe ufanye nini.

Kama una grinikadi au visa, kura sahau, na hii naiweka kwa herufi kubwa kichwani mwako: USIPIGE KURA na usitie tiki popote panaposema wewe ni raia. Watu wameshikika pale kwa leseni ya gari, karani anauliza haraka haraka, unataka kujiandikisha kupiga kura, wewe umechoka umetoka shift ya usiku unasema yes, na miaka mitano baadaye kwa interview ya uraia lile jibu linatolewa kwa faili. Soma kila fomu, na ukiona ulishajiandikisha kwa makosa tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujapeleka karatasi nyingine yoyote.

Lakini kura sio kitu pekee. Majina yakitangazwa, mtu yeyote anaweza kuandika barua au imeli kwa ofisi ya gavana kumhusu mmoja wa wale mawakili. Andika unachokijua wewe mwenyewe: alimwakilisha mama yangu, alisubiri mkalimani bila kukasirika, au alitupigia kelele. Ukurasa mmoja unatosha. Kwa Massachusetts unaweza kwenda kikaoni. Na ukiwa raia unaweza kuomba kukaa kwenye hizo kamati, nafasi za watu wasio mawakili zipo na hutangazwa, na mimi mpaka leo sijasikia mtu wa group yetu ameomba hata mmoja, tunaomba uenyekiti wa chama cha mazishi tu na tunaugombania kweli kweli.

Kama kesi ishafika kwa jaji na una wasiwasi naye, Minnesota ina kitu wengi hawakijui: kwa kesi ya madai unaweza kumkataa jaji mmoja bila kutoa sababu, lakini ni ndani ya siku 10 toka ujulishwe ni nani atasikiliza, na kama ameshasikiliza kitu chochote kwenye hiyo kesi basi umechelewa. Muulize wakili wiki hiyo hiyo. Uamuzi ukishatoka, mlango ni rufaa, na siku za rufaa zinakimbia, za kutolewa nyumba zinakimbia kuliko zote. Jaji akiwa na tabia mbaya, ametukana, amelala, amecheka lafudhi yako, hapo kuna bodi ya nidhamu ya majaji, hapa inaitwa Board on Judicial Standards, malalamiko ni bure. Ila hiyo bodi haibadilishi uamuzi, hata ikikubali kwamba jaji alikosea adabu, watoto bado wako kule waliko mpaka rufaa iseme vingine.

Na mkalimani ombeni mapema, ni bure, na semeni ni Kiswahili cha wapi. Mama wa Bukavu aliwahi kupewa kijana wa Nairobi na wote wawili walitoka pale wamechoka.

Jamaa yetu barua ile hatukuipeleka. Zile pesa za kuchapisha petisheni zikaenda kwa wakili, akakata rufaa siku zikiwa zimebaki chache, bado tunangoja. Na Novemba ile nilipiga kura nikiwa raia mpya, nikageuza karatasi nyuma, nikakuta orodha ndefu ya majaji, karibu kila mmoja peke yake kwa mstari wake, na nikatambua majina mawili tu.