Kufuta funguo za Redis kwa mkupuo bila kusimamisha mfumo

Redis, hifadhidata inayoweka data kwenye memori, haina amri ya kufuta funguo (majina ambayo data huhifadhiwa chini yake) kwa kufuata muundo wa jina. Ukiandika `DEL bei:machame:*`, itatafuta ufunguo mmoja wenye nyota kwenye jina lake, itaukosa, itajibu 0. Kwa hiyo tunaorodhesha kwanza, kisha tunafuta. Mfano wangu unatoka kwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa Moshi. Bei zilikuwa zimebadilika, na za zamani bado zilikaa kwenye kache (hifadhi ya muda), databesi namba 2.

Hatua ya 1. Ingia kwenye seva.

Hatua ya 2. Tazama kabla ya kugusa:

`redis-cli -n 2 --scan --pattern 'bei:machame:*' | head`

Usitumie KEYS kwenye mfumo unaotumika. Redis hutekeleza amri moja baada ya nyingine, na KEYS inapopitia databesi nzima, kila anayeomba bei anasubiri. SCAN, iliyopo tangu toleo la 2.8, huchukua kidogo kidogo. Jina nalo usilifupishe: `bei:ma*` inazoa Machame na Marangu, njia mbili tofauti za kupanda mlima, kwa pamoja.

Hatua ya 3. Futa:

`redis-cli -n 2 --scan --pattern 'bei:machame:*' | tr '\n' '\0' | xargs -0 -r -n 500 redis-cli -n 2 unlink`

Hapa ndipo saa zinapopotelea. `redis-cli` ya kulia haijui lolote kuhusu ile ya kushoto, hivyo usipoiandikia `-n 2` inaingia databesi 0. Majina yanasomwa huku, yanafutwa kule. Kijana tuliyekuwa naye alipata 0 mfululizo, akashuku nenosiri, akashuku ruhusa za mtumiaji, kumbe ni hiyo tu. Na kama databesi 0 ina majina yaleyale, hali ni mbaya zaidi: zinaondoka zisizohusika, na majibu yanaonekana mazuri kabisa. Ile `-n 500` ni ya xargs, programu inayopokea majina na kuyakabidhi kwa amri inayofuata, yaani funguo ngapi kwa mkupuo mmoja. `tr` na `-0` usiziache, maana jina kama `bei:machame:siku 7` xargs italikata vipande viwili.

Mimi natumia UNLINK daima, si DEL. Ipo tangu 4.0, huondoa jina papo hapo na kuachia memori chinichini. Kwenye klasta, yaani Redis iliyogawanywa kwenye seva kadhaa, utakutana na kosa la CROSSSLOT: funguo za amri moja ziko sehemu tofauti. Weka `-n 1` kwenye xargs, ongeza `-c` kwenye `redis-cli` ya kulia, ondoa `-n 2` kwenye `redis-cli` zote mbili maana klasta ina databesi 0 tu, na urudie kwa kila nodi kuu (seva kuu ya klasta).

Hatua ya 4. Rudia hatua ya 2. Zikibaki chache, huenda ziliandikwa wakati SCAN inaendelea. Endesha hatua ya 3 tena.