Mmoja akikosa mtandao, usizime ruta
Ofisi na maduka mengi ya Mji Mkongwe yamefungwa mtandao kwa mtindo wa nyota: kila kompyuta ina waya wake hadi kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu kinachounganisha kompyuta zote. Basi mmoja akilalamika na wenzake wanaendelea na kazi, usiwakatie wote kwa kuzima ruta, kifaa kinacholeta intaneti. Tazama taa ya tundu lake kwenye swichi. Imezima? Hamishia waya tundu la jirani. Ikiwaka, lile tundu la kwanza limekufa. Isipowaka, tatizo liko kwenye waya au kompyuta, na mimi huanzia kichwa cha waya: hewa yetu ya chumvi huzila zile pini nane mpaka zikafanya ukijani. Kata, bana kichwa kipya.

Wote wakipotea kwa pamoja, hata printa haionekani, hapo mshuku swichi yenyewe au umeme wake. Ukiweka betri ya akiba, ianzie kwenye swichi.

Waya usizidi mita 100, na upime njia utakayopitisha, maana kuta nene za mawe hukuzungusha. Fundi asiyeandika namba ncha zote mbili za kila waya, msimlipe kwanza.