Kuhamia digrii ya hisabati ya fedha: fuata mnyororo wa masomo

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kule Njoro, Bondo au Kakamega, nchini Kenya, akitaka kuhamia hisabati ya fedha au sayansi ya aktuaria (hesabu za hatari), huanza kwa kuuliza chuo kipi kina jina. Uliza kwanza somo lipi linafungua lipi, na linafundishwa muhula gani.

Kalkulasi hufungua nadharia ya uwezekano. Hiyo, pamoja na aljebra ya mistari, hufungua michakato ya stokastiki (hesabu za mambo yanayobadilika kwa nasibu kadiri muda unavyokwenda), na ukishaimaliza ndipo unapoweza kukokotoa bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa mapema) kwa mlinganyo wa Black na Scholes wa 1973. Idara nyingi hufundisha kila somo mara moja kwa mwaka. Ukiingia Januari nayo aljebra ya mistari ilifundishwa Septemba, utaingoja Septemba nyingine, na yote yanayoitegemea yatasogea nayo. Hivyo ndivyo miaka 4 inavyogeuka 5, na karo ya mwaka mzima ikaongezeka juu yake.

Sasa weka silabasi mbili mezani. Zote zimeandikwa "Uwezekano na Takwimu I". Ya kwanza ina wastani, grafu na jaribio la t. Ya pili ina vigeu nasibu, mgawanyo wa pamoja wa vigeu viwili, na uthibitisho. Mwenye ya kwanza atarudia somo hata akiwa na A, kwa kuwa mkuu wa idara hulinganisha mada na saa (krediti 3 ni saa 45 za mihadhara), wala hatazami jina. Chukua silabasi ya kila somo ulilopita, yenye muhuri wa idara, ukiwa bado chuoni. Ukishaondoka, kila karatasi itakugharimu nauli.

Usichelewe pia. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hazikubali zaidi ya asilimia 49 ya krediti za masomo ya msingi zihamishwe, kwa hiyo anayehama baada ya mwaka wa pili huacha nyuma kazi aliyokwisha kuifanya. Ukipitia KUCCPS (shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni), alama zako za klasta (za masomo ya sekondari yanayohitajiwa na kozi) lazima zifikie kiwango cha kozi unayoiendea, nafasi iwepo, na vyuo vyote viwili vikubali.

Katika kuchagua, Maseno na JOOUST (Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga) ya Bondo wana aktuaria, inayoegemea bima, pensheni na majedwali ya vifo. Anayetaka opsheni na hatari za soko atazame uhandisi wa fedha, kama ule wa Strathmore, Nairobi. Popote uendapo, omba kuona mtihani mmoja wa R au Python, lugha za kuandikia programu za kompyuta: je, hufanywa kwenye kompyuta au kwa kalamu? Kozi ya kalamu pekee haikuandai kwa kazi.

Wakikwambia kozi inasamehewa mitihani ya IFoA (taasisi ya Uingereza ya wataalamu wa aktuaria), uliza ni ipi hasa, CS1, CM1 au CB1, kwa wastani gani, na kama somo ulilolihamisha kutoka chuo kingine linahesabiwa. Jibu hilo la mwisho lipate kwa maandishi.

Barua ya kukubaliwa ikifika, badilisha chuo chako kwa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) kabla ya muhula kufunguliwa, pesa zisije zikaenda chuo cha zamani.