Jinsi ya kuandika manukuu ya Kiswahili kwa filamu za polisi za Italia za miaka ya 1970

Filamu ambazo Waitalia huziita poliziotteschi zina shujaa mmoja anayerudi tena na tena: ofisa mwadilifu, asiyelala, anayemkamata jambazi usiku na kumkuta mtaani kesho yake. Hasira yake haieleweki bila kujua ni nani aliye juu yake. Kwa hiyo kazi ya manukuu, yaani maandishi ya tafsiri yanayotokea chini ya picha, huanzia kwenye vyeo, na mwongozo huu umeelemea huko.

Hatua ya 1: Fuata sauti ya Kiitaliano. Italia ya wakati huo iliingiza sauti studio baada ya kupiga picha, na waigizaji wa kigeni mara nyingi walizungumza lugha zao mbele ya kamera, ndiyo maana midomo hailingani na maneno. Usihangaike na midomo. Pima muda wa nukuu kwa sauti na kwa mkato wa picha. Sauti ya Kiingereza iachwe, kwa sababu mara nyingi hupunguza vyeo na namna za kuitana, yaani vitu vile vile unavyovihitaji.

Hatua ya 2: Chora ngazi ya vyeo kabla ya kutafsiri sentensi yoyote. Kosa kubwa ni kuandika "Kamishna" kwa *commissario*. Nilifanya hivyo katika kazi yangu ya kwanza, na watazamaji wakauliza kwa nini mkubwa kama huyo anakimbiza wezi kwa miguu. Kwetu Kamishna hukaa karibu na kilele, ilhali *commissario* ni ofisa wa kati, anayebanwa na *questore*, mkuu wa polisi wa mkoa mzima, na upande wa pili na mwendesha mashtaka pamoja na hakimu mchunguzi. Mimi huandika "Inspekta" kwa *commissario* na "Kamanda wa Mkoa" kwa *questore*. Havilingani kisheria, lakini uzito wake unakaribiana.

Tazama *La polizia ringrazia* ya 1972, iliyoongozwa na Stefano Vanzina. *Commissario* Bertone, anayechezwa na Enrico Maria Salerno, anagundua kundi la siri linalowaua wahalifu, na anayeliongoza ni *questore* mstaafu. Ukimwita Bertone Kamishna, mtazamaji ataona wakubwa wawili wakigombana, na uchungu wa mtu aliyesalitiwa na waliomtangulia katika kazi hiyo hiyo utapotea kabisa.

Hatua ya 3: Tafsiri namna wanavyoitana. Askari humwita ofisa wao *dottore* kwa sababu ana shahada ya chuo kikuu. "Daktari" humfanya mtazamaji atafute hospitali. Neno letu lipo tayari: afande. Kiitaliano pia kina *Lei* ya heshima na *tu* ya ukaribu au dharau, tofauti ambayo "wewe" haiibebi. Jambazi anapotumia *Lei*, mwongezee "afande" mwishoni. Ofisa anapomrushia *tu*, "we" fupi inatosha.

Vivyo hivyo *trasferimento* liwe "uhamisho" tu, pasipo maelezo. *Commissario* Betti, anayechezwa na Maurizio Merli, anapofika Napoli katika *Napoli violenta* ya 1976, mtumishi yeyote wa serikali wa kwetu anajua kwamba uhamisho unaweza kuwa adhabu.

Hatua ya 4: Kata mistari. Tumia programu ya bure kama Subtitle Edit, mistari miwili kwa nukuu, herufi zisizozidi 40 hivi kwa mstari, na nukuu isipite sekunde sita. "Afande, Kamanda anakuita sasa hivi" hutosha mstari mmoja. Ukiongeza "wa Mkoa" unavuka mpaka. Andika cheo kizima kinapotajwa mara ya kwanza, kisha "Kamanda" pekee. Wakati wa kufukuzana kwa magari, yale ya Alfa Romeo yakipiga kona, acha skrini bila maandishi: makelele ya redio ya polisi hayahitaji kuandikwa yote.

Hatua ya 5: Jaribu kwa mtu asiyeijua filamu. Mwonyeshe dakika 20 za mwanzo, kisha muulize ni nani anayeweza kumwamuru shujaa aache upelelezi. Akimtaja aliyeketi nyuma ya meza kubwa, hifadhi faili; akisita, rudi hatua ya 2.