Kata picha kwanza, ndo upunguze saizi

Mi napiga sana milango ya nakshi pale Mji Mkongwe Bagamoyo na majahazi ya soko la samaki, na swali naloulizwa kila mara ni kwa nini picha kwenye simu ni nzuri af ikienda mtandaoni inakatwa kichwa au inazunguka tu haifunguki. Fanya hivi.

Hatua ya 1: umbo. Usianze na namba, angalia kitu chenyewe. Mlango umesimama, basi picha isimame, 4 kwa 5 (yaani upana 4, kimo 5) inautosha na fremu yake yote. Jahazi lililotweka tanga nalo linasimama, ila hilohilo maji yakitoka likapwelewa pale mchangani linataka picha ya kulala, 3 kwa 2. Wengi hapa wanakimbilia 16 kwa 9 kwa sababu inaonekana kama sinema, lakini wasomaji wetu wako kwenye simu, wameishika wima, na upana wa kurasa kwenye simu nyingi unahesabiwa kama pikseli 360 hivi, kwahiyo 16 kwa 9 inabaki na kimo cha 202 tu wakati 4 kwa 5 inapata 450, zaidi ya mara mbili! Ile panorama ya ufukwe mzima ndo usiseme, ngalawa zinakuwa kama sisimizi. Mraba mi nautumia kwa vitu vya karibu, mfano misumari ya shaba ya mlango au samaki kwenye sinia.

Hatua ya 2: kata. Fanyia kazi kopi, orijino usiiguse. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ukiikata 4 kwa 5 unabaki na 2400 kwa 3000, bado nyingi sana. Funga uwiano kwenye programu (Snapseed inafanya hivyo, ni ya bure) usije ukaivuta mlango ukanenepa. Na chombo kinachotembea kiachie nafasi mbele, sio nyuma.

Hatua ya 3: punguza. Zote ziwe upana mmoja, mi natumia 1200, kwahiyo ya 3 kwa 2 inakuwa 1200 kwa 800 na ya 4 kwa 5 inakuwa 1200 kwa 1500. Picha ndogo usiikuze, itapata ukungu, na iliyozunguka kwenye magrupu ishabanwa tayari, omba orijino. Habari za DPI (idadi ya nukta kwa kila inchi) 72 au 300 achana nazo, hizo ni za kuchapisha.

Hatua ya 4: sevu jpeg, kwoliti 75 mpaka 80, ilenge chini ya KB 300. Picha kumi za MB 4 ni MB 40 za bando la mtu, ukizipunguza hivi hazifiki hata MB 3.

Halafu zima waifai, washa data, fungua mwenyewe kwenye simu. Kama maandishi ya Kiarabu juu ya mlango hayasomeki, rudi hatua ya 2 ukate karibu zaidi.